Grisi Nyeupe na Baba Mkwe

Nilikaa kwa wakwe zangu Lizaboni, mjini Songea, muda mrefu bila kumwambia baba mkwe neno hata moja. Hatukuwa tumegombana. Ndiyo ilikuwa heshima. Katika ukoo ule mkamwana na baba wa mumewe hawasemeshani, hawapeani kitu mkono kwa mkono, na wakiweza hawatazamani usoni. Akitaka kunipa kitu alikiweka juu ya kigoda, akaondoka, ndipo nikakichukua. Nikitaka kumwambia jambo nilimwambia mama mkwe, naye akamwambia mumewe, hata kama wote watatu tumekaa ukumbi mmoja na kila mtu ana masikio yake mazima. Hata shikamoo yangu ilipitia kwa mama. "Mkamwana anakuamkia," anasema mama. "Mwambie marahaba," anajibu mzee, anaangalia ukuta.

Sasa chukua mtu wa Muheza umtie katika nyumba kama hiyo! Kwetu sisi tunaongea. Tunaongea tukipika, tunaongea tukila, tukikosa mtu tunaongea na sufuria. Mume wangu alinieleza hiyo mila njia nzima tulipokuwa tunakuja Songea mara ya kwanza, nami nikaitikia ndiyo, ndiyo, huku nasinzia. Tulipofika, nikamwona mzee mrefu amesimama mlangoni, kofia mkononi, sura ile ile ya mume wangu. Nikapiga magoti na kumnyooshea mkono. "Shikamoo, baba!" Mzee aliruka nyuma kama aliyeguswa na pasi. Majirani wakashika midomo. Mama mkwe alicheka mpaka akakaa kwenye kizingiti, akasema, "Karibu, mwanangu, karibu. Utazoea."

Nilizoea. Na nikampenda yule mzee, nasema wazi. Mimi baba yangu alifariki nikiwa tumboni, kwa hiyo sikuwa na wa kumlinganisha naye. Pasi yangu ya umeme ilipoharibika, niliikuta asubuhi juu ya kigoda imeshatengenezwa, waya umefungwa upya vizuri. Mahindi ya kuchoma, lile hindi laini kuliko yote lilibaki kigodani. Nikitoka bila sweta wakati wa baridi ya Juni, namsikia nyuma yangu akimwambia mama, kwa sauti ya kutosha mtaa mzima, "Mwambie mtu asitoke hivyo, huku si kwao Tanga." Mama hakuwa na haja ya kuniambia tena, lakini aliniambia. Alikuwa anaipenda kazi yake ya kubeba maneno, na mara nyingi aliyaongezea chumvi njiani.

Baba mkwe alikuwa fundi wa redio. Alikuwa na kibanda chake karibu na soko, na watu walimletea redio kutoka vijijini zimefungwa kwenye kanga kama watoto wachanga. Halafu biashara ikafunguliwa, kila mwenye mtaji akaruhusiwa kuleta anachotaka, na redio za bei chee zikajaa madukani. Ikiharibika, mtu anatupa, ananunua nyingine. Mzee hakulalamika. Alihamia kwenye vipaza sauti vya makanisani na amplifaya za bendi, akaendelea kula jasho lake. Kilichomvunja ni mikono. Ilianza kutetemeka. Kwanza kidogo, wakati wa kushika kikombe, halafu ikawa kila wakati. Siku moja chuma cha kulehemu kilimponyoka kikaunguza redio ya mteja, redio ya zamani ambayo mteja huyo, mama mjane, aliachiwa na marehemu mumewe. Mzee alirudi nyumbani, akafunga sanduku lake la vifaa kwa kufuli, akalisukuma chini ya kitanda. Kibanda akakiacha hivyo hivyo.

Baada ya hapo akawa mtu wa kukaa barazani. Haongei. Chakula anakionja tu. Mwishowe akamwambia mama kwamba wanarudi Madaba kwa mdogo wake, kwenye shamba la ukoo. Mtu asiye na kazi mjini ni mzigo, alisema, afadhali akakae kule angoje siku zake. Mama akasema sawa. Mume wangu, ambaye alikuwa Tunduru kwenye biashara ya mawe ya vito na nyumbani tulimwona kwa nadra, alituma salamu kwamba uamuzi wa baba ni uamuzi wa baba. Majirani wakasema mzee ameamua. Siku ya safari ikapangwa, Jumatatu, na mizigo ikaanza kufungwa.

Nami roho inaniuma. Sikutaka aende. Nilijua kabisa kwamba yule mzee akifika Madaba na kukaa kwenye kigoda cha mtu mwingine bila kitu cha kufanya, hatamaliza mwaka. Nilitaka kumwambia, "Baba, usiende." Maneno mawili tu. Na sikuwa na ruhusa ya kuyasema. Nilimpa mama ayapeleke, akarudi akaniambia, "Nimemwambia mkamwana anawatakia safari njema." Hee! Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Mwanangu, mtu mzima akishaamua, mkamwana hamzuii. Ni aibu kwake." Nilikwenda jikoni nikagongagonga masufuria.

Wiki hiyo hiyo kompyuta yangu ikafa.

Hiyo kompyuta mume wangu aliinunua baada ya kuuza jiwe moja zuri, ikakaa chumba cha mbele, dirisha lake likitazama baraza. Nilichapa mitihani ya shule, barua za maombi ya kazi, kadi za harusi. Ilianza kwa kujizima yenyewe. Unachapa, unachapa, kioo kinakuwa cheusi. Ukiiacha ipoe inawaka, ukianza kazi inazima tena. Ndugu yangu aliyekuwa Dar es Salaam, ambaye alisomea mambo hayo, nilimpigia simu akaniambia nifungue ubavu wa mashine nitazame feni ndogo iliyo katikati. Nikatazama. Imesimama, imejaa vumbi jekundu la Songea. Akasema hiyo ndiyo inayopoza prosesa, ambayo ndiyo moyo wa mashine, na kwamba nisiiwashe tena kabla haijaunguza kila kitu. Akanitumia kipozeo kipya kwa basi: feni imefungwa juu ya kipande cha alumini chenye mbavu mbavu, na pamoja nacho kibomba kidogo kama sindano ya hospitali, ndani kuna kitu cheupe kizito. "Hiyo unapaka kati ya prosesa na chuma," alisema. "Tafuta fundi akufungie."

Fundi wa kompyuta niliyemjua alikuwa amesafiri. Lakini nitasema ukweli, hata angekuwepo nisingemwita. Nilikiangalia kile kibomba, nikamwangalia mzee barazani anavyotazama barabara bila kuiona, nikapata wazo. Nikampa mama kile kibomba. "Muulize baba kama anakijua hiki."

Nikachungulia dirishani. Mzee alikipokea, mikono ikatetemeka, akakibana magotini. Akakisogeza karibu na macho. Akafungua kifuniko, akanusa. Mara ya kwanza kwa siku nyingi niliona mabega yake yakinyooka. "Hii ni grisi ya transista kubwa," alimwambia mama. "Ile tunayopaka kwenye amplifaya, transista isiungue. Mkamwana kaipata wapi?"

"Ya kompyuta," mama akasema. "Imeungua moyo."

"Haijaungua. Ingeungua isingewaka tena. Ina joto tu." Akaitazama mikono yake. Halafu akasema, "Mimi siwezi kushika. Lakini mwambie alete bisibisi."

Bisibisi ilikuwa kwenye lile sanduku chini ya kitanda. Alitoa ufunguo mfukoni mwake mwenyewe akampa mama. Wallahi nilitaka kupiga vigelegele, nikajizuia.

Tukapangana hivi. Mimi ndani, mashine imelazwa ubavu juu ya meza. Mzee nje barazani, chini ya dirisha, amenipa mgongo, maana kutazamana haifai. Mama amesimama mlangoni katikati yetu, mikono kiunoni, anabeba maneno. Mzee anasema nje, mama anageuka ananiambia, mimi ninajibu, mama anageuka anamwambia. Na wote tunasikiana! Lakini mila ni mila, nikisikia kwa baba sikufanya kitu mpaka nimesikia kwa mama.

"Achomoe waya ukutani."

"Chomoa waya ukutani, mwanangu."

"Nimechomoa."

"Amechomoa."

Ilikwenda vizuri. Nikakikamata kile kibano cha chuma kinachoshikilia kipozeo cha zamani, nikakisukuma kwa bisibisi kikaachia kwa mlio ulionishtua. Nikakifuta kijiwe cha prosesa kilichokuwa chini yake kwa pamba na spiriti mpaka uchafu mkavu wa zamani ukatoka, kikang'aa. Mzee aliuliza kama kinang'aa, nikasema kinang'aa, mama akamwambia kinameremeta kama sahani ya harusi.

Hapo ndipo lori lililobeba magunia ya mahindi lilipopita barabarani, na likapita polepole, likinguruma. Sauti ya mzee sikuisikia. Nilimwona mama tu akiinama kumsikiliza, akitikisa kichwa, halafu akanigeukia. "Paka grisi," akaniambia. "Paka vizuri, ienee, usiogope."

Nikapaka. Nilipaka kama mtu anayepaka Blue Band kwenye mkate wa mgeni. Nikakandamiza kipozeo kipya juu yake, grisi ikafurika pembeni pande zote, nikaona, naam, imekolea. Nikafunga kibano, nikachomeka waya wa feni, nikawasha. Feni ikavuma. Mama akapiga makofi. Mimi nikafungua mtihani wa darasa la saba nikaanza kuchapa, roho juu.

Mzee hakupiga makofi. Alikuwa ameinamisha kichwa anasikiliza, kama alivyokuwa akisikiliza redio za watu. Sikuwa nimemaliza swali la pili kioo kikawa cheusi.

"Mwambie alete nikione," alisema mzee nje.

Nikafungua tena, nikakiweka kile kipozeo kigodani, mama akampelekea. Akakipokea, akakigeuzageuza. Halafu mzee akauliza taratibu, "Mama nanihii. Mimi nilisema apake kiasi gani?"

Mama akaangalia dari. "Ulisema kama punje ya mchele."

"Na wewe umemwambia nini?"

"Nimemwambia apake vizuri."

"Kwa nini?"

Mama akapandisha sauti. "Punje ya mchele! Mtoto wa watu ametoka mbali, kitu chenyewe kimeletwa na ndugu yake mwenyewe kutoka Dar es Salaam, mimi nisimame hapa nimwambie apake punje ya mchele? Wakisikia kwao watasema nini, kwamba huku tuna mkono wa birika? Mimi kwangu mtu hapimiwi!"

Nilimsikia mzee akianza kucheka. Cheko lake sikuwa nimelisikia tangu aache kibanda. Alicheka akakohoa, mama naye akashindwa kununa, na mimi ndani niliuma kanga yangu, machozi yananitoka, sijui ya nini hasa.

Kicheko kilipokwisha tukaangalia kibomba. Kilikuwa karibu kitupu. Kilichobaki ndani, ukikikamua sana, ni punje hiyo hiyo moja. Na ile niliyokwisha kupaka ilikuwa imechanganyika na vumbi la kigoda na vidole vya watu. Nikikosea tena, hakuna nyingine. Nikafuta kila kitu upya kwa spiriti. Nikakaa na kibomba mkononi, nimekwama, maana sasa nilianza kuogopa kile nilichokuwa nakifanya kwa ujasiri mwanzo.

"Mwambie..." mzee akaanza. Akaacha. Nikasikia kigoda kikisogea. Nikasikia nyayo zake barazani, zikapita dirisha, zikaja mlangoni. Mama akasogea, akaweka mkono mdomoni.

Baba mkwe aliingia chumbani. Hakunikaribia. Alisimama upande wa pili wa meza, mikono ameifunga nyuma mgongoni ili nisiione inavyotetemeka, na macho ameyaweka kwenye prosesa, si usoni kwangu.

"Mwanangu," alisema. "Heshima tutaiomba radhi baadaye. Sasa nisikilize mimi."

Nikaitikia kwa kichwa. Nikakishika kibomba sawasawa.

"Chuma hiki na kile ukivitazama ni laini. Si laini. Vina vishimo vidogo macho hayaoni, na humo hewa inakaa, na hewa haipitishi joto. Grisi kazi yake ni kuziba vile vishimo, basi. Ikizidi inavitenga vyuma, joto linakosa pa kupita. Kwa hiyo weka katikati, kadogo, halafu usikaguse. Chuma chenyewe kitakatandaza. Mimi mikono yangu haifai tena. Leo mikono yako ndiyo yangu. Kamua."

Nikakamua. Kikatoka kitone, kikakaa katikati ya kile kijiwe.

"Hapo hapo. Acha. Sasa shusha chuma moja kwa moja, usikiburute. Usikinyanyue tena, hata ukiona vibaya."

Nikashusha. Mikono yangu nayo ilikuwa inatetemeka, na nadhani aliiona, kwa sababu alisema polepole, "Hata yangu ilianza hivyo siku ya kwanza ya kazi, nikiwa kijana. Pumua." Nikapumua. Nikakaza kibano kikaingia. Pembeni hapakutoka grisi hata kidogo.

Nikawasha. Nikachapa mtihani wote wa darasa la saba, na wa sita, na wa tano. Mzee alirudi barazani akakaa chini ya dirisha, sikio huku, akisikiliza feni. Mama alipomwita aje kula alimwambia asubiri. Jua lilipoanza kushuka nikapitisha kiganja ubavuni mwa mashine. Vuguvugu tu. Nikasema kwa sauti, bila kumtuma mtu, "Haina joto, baba." Nikasikia nje, "Vizuri."

Kesho yake, Jumapili, walipotoka kanisani, mzee alikwenda kwenye banda la kuku. Alirudi na kuku jike mweupe, mnene, ambaye alikuwa amemtenga ampelekee mdogo wake Madaba. Akampa mama, mama akanipa. Ndivyo inavyofanywa katika ukoo ule: baba mkwe akitoa kuku, ule ukimya unaondoka, mnaruhusiwa kusemeshana, ingawa mikono bado hampeani. Wakwe wengine hutoa baada ya wajukuu kadhaa, na wengine hawatoi kabisa mpaka wanazikwa. Nilimpokea yule kuku nikamkumbatia, ananikwaruza, sijali. Mizigo yao ilikuwa imepangwa ukutani, imefungwa kamba.

Nilipiga magoti. Nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu ile aibu ya siku niliyofika. Alikuwa amezeeka kuliko nilivyodhani.

"Baba," nikasema, "usiende."

Mama akashtuka, "We!" Mzee aligeukia ukuta. Akamwambia mama, kwa sauti ya chini, "Mwambie mkamwana..."

"Mwambie mwenyewe," mama akasema, na nikaona naye analia. "Nimechoka kubeba maneno yenu."

Akanigeukia. Mikono yake ilikuwa mbele sasa, inatetemeka wazi, hakuificha.

"Nilikuwa nangoja mtu aniambie," alisema.